Pedali ya breki inakuwa ngumu kwenye foleni: ni busta, mpira wa vakyumu au injini imechoka?

#1 Nyundo ya Mpira

Habari zenu wakuu. Nina gari la zamani la petroli, lenye kabureta, diski mbele na dramu nyuma, na breki zake zinasaidiwa na busta ya vakyumu (kopo linalotumia mvuto wa hewa wa injini kuongeza nguvu ya mguu) iliyofungwa nyuma ya masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki. Kwenye barabara iliyo wazi sina malalamiko yoyote: pedali ni nyepesi na gari linasimama bila kuvuta upande. Tatizo linaanza kwenye foleni. Nikikanyaga breki mara kadhaa mfululizo, pedali inakuwa ngumu ghafla, na inanibidi nisukume kwa nguvu za mguu mzima ili gari lisimame. Nikiiacha kwa muda bila kuigusa, inarudi kuwa nyepesi.

Kuna mambo mengine mawili. Nikishikilia breki gari likiwa limesimama, sailensa ya injini (mzunguko wake bila kukanyaga mafuta) inashuka kidogo, na chini ya dashibodi nasikia sauti ya hewa ikivuma. Mafuta ya breki hayapungui, na pedi za mbele ni mpya.

Fundi wa kwanza amesema busta imekufa ninunue nyingine. Wa pili amesema nisiiguse busta kabisa, nishughulikie injini. Kabla sijatoa pesa kwa jambo la kubahatisha, naomba mnielekeze vipimo vinavyoweza kutenganisha sababu hizi.

#2 Spana Kumi

Busta imekufa, mkuu. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachotenganisha vyumba viwili, na kikipasuka, hewa ya nje inapita moja kwa moja hadi kwenye manifoldi, yaani njia ya kuingizia hewa kwenye injini. Ndiyo maana sailensa inashuka ukikanyaga na ndiyo maana unasikia hewa inavuma. Dalili hizo mbili zikikutana sioni sababu ya kutafuta mchawi mwingine.

#3 Fundi Mkongwe

Spana Kumi, taratibu kidogo. Sauti ya hewa peke yake haitoshi kuihukumu busta. Kila unapokanyaga breki, valvu iliyo ndani ya busta hufunguka na kuruhusu hewa ya nje kuingia katika chumba cha nyuma, kwa hiyo mvumo mfupi wakati pedali inashuka ni wa kawaida kabisa, hasa ukiwa umezima redio na feni. Mvumo wa kutia shaka ni ule unaoendelea wakati mguu umetulia juu ya pedali, au unaosikika hata bila kukanyaga. Nyundo ya Mpira hajatuambia wake ni wa aina ipi.

Kijana wangu, vipo vipimo vitatu ambavyo havihitaji kifaa chochote, na ningependa uvifanye vyote kabla ya kufungua nati hata moja.

Cha kwanza, injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara nyingi hadi iwe ngumu na isiyobadilika, maana yake umemaliza akiba yote ya vakyumu. Kisha ikanyage kwa nguvu ya wastani, uishikilie hapo hapo, na uwashe injini. Busta nzima inayopata vakyumu ya kutosha itaifanya pedali izame kidogo chini ya mguu wako injini inapowaka. Isipozama kabisa, msaada haufiki.

Cha pili, washa injini dakika moja au mbili, zima, halafu kanyaga taratibu mara kadhaa ukipumzika kati ya kila mara. Mkanyago wa kwanza unapaswa kwenda chini zaidi, na inayofuata kupanda juu kidogo kidogo. Busta nzima hubakiwa na akiba ya mikanyago miwili au mitatu yenye msaada. Ikiwa pedali ni ngumu tangu mkanyago wa kwanza, akiba inavuja.

Cha tatu, injini ikiwa inawaka, kanyaga na ushikilie, kisha zima injini bila kuondoa mguu. Shikilia nusu dakika. Pedali isipande wala kushuka. Ikipanda na kuusukuma mguu wako juu, vakyumu inavuja ukiwa umekanyaga. Ikishuka taratibu kuelekea sakafuni, busta haihusiki. Hapo ndani ya masta silinda kuna sili inayopitisha mafuta, au kuna mahali panapovuja.

Tuletee majibu ya vipimo hivyo, tutakuwa na cha kuzungumza.

#4 Kabureta Mbili

Naunga mkono vipimo vya mzee, lakini naona tunaanza na busta wakati mwenyewe ametueleza kwamba tatizo linatokea kwenye foleni tu. Busta haina nguvu yake yenyewe, inaishi kwa kunyonywa na injini. Gari likiwa linateremka au dereva ameachia mafuta kwa mwendo mkubwa, kipepeo cha kabureta (kibao kinachobana hewa inayoingia) kimefungwa huku injini inazunguka haraka, na vakyumu inapanda sana. Kwenye foleni injini iko kwenye sailensa, imepata joto, pengine na kipoza hewa kimewashwa au gia ya otomatiki imewekwa, na vakyumu iliyobaki ni ile tu ambayo injini inaweza kuitengeneza katika hali hiyo.

Injini ya petroli yenye afya, ikiwa kwenye sailensa na karibu na usawa wa bahari, huonyesha takriban inchi 17 hadi 21 za zebaki (kipimo cha vakyumu) kwenye geji ya vakyumu, na sindano hutulia. Gasketi ya manifoldi ikivuja, taimingi ya moto (wakati wa plagi kutoa cheche) ikichelewa au valvu zikiwa hazifungi vizuri, utaona kiasi pungufu. Hata kemshafti (mhimili unaofungua valvu) ya mashindano inapunguza vakyumu ya sailensa bila kitu chochote kuharibika. Pima manifoldi kwanza. Geji ya vakyumu ni kifaa rahisi kuliko busta.

#5 Binti Fizikia

Habari wadau. Niongezee hesabu ili tuone kwa nini inchi chache za zebaki zina uzito mkubwa hivi.

Busta yenye kiwambo cha kipenyo cha sentimita 23 ina eneo la takriban sentimita za mraba 415. Tofauti ya mgandamizo ikiwa kilopaskali 60, yaani karibu inchi 18 za zebaki, kiwambo kinaweza kusukuma kwa nguvu inayokaribia nyutoni 2,500, ambayo ni sawa na uzito wa kilo 250 hivi. Vakyumu ikishuka hadi inchi 12, kiwango cha juu cha msaada kinashuka hadi nyutoni 1,700 au chini kidogo. Kinachopungua hapo kinabaki juu ya mguu wa dereva, na kwa sababu pedali yenyewe ni wenzo, mguu unahisi tofauti hiyo mara moja.

Tusisahau pia mwinuko wa mahali gari lilipo. Usomaji wa geji hupungua kwa takriban inchi moja ya zebaki kwa kila mita 300 za kupanda, kwa sababu hewa ya nje inayosukuma kiwambo ni nyepesi zaidi. Kwa hiyo inchi 15 kwenye mwinuko wa mita 1,500 si ugonjwa, ilhali inchi hizo hizo ufukweni ni dalili. Mwenye uzi atuambie anapimia mwinuko gani kabla mtu hajaihukumu injini yake.

#6 Dereva wa Usiku

Nina kisa kinachofanana na hiki sana. Gari langu lilikuwa na tabia ile ile: mkanyago wa kwanza mzuri, wa pili wa kuridhisha, wa tatu mgumu. Busta ilikuwa imeshabadilishwa na mwenye gari aliyenitangulia, na hali haikubadilika. Chanzo kilikuwa mpira unaotoka manifoldi kwenda kwenye busta. Kwa nje ulikuwa mweusi na mzima. Nilipoupasua kwa wembe kwa urefu wake, tabaka la ndani lilikuwa limelainishwa na mvuke wa oili na petroli hadi likabanduka, likajikunja katikati ya njia. Tundu lililobaki lingeweza kupitisha njiti ya kiberiti tu. Vakyumu ilikuwa inafika, ila ilifika kwa kuchelewa mno.

Wengine huweka mpira wa kawaida wa petroli au wa maji mahali hapo kwa sababu unaenea. Mpira ambao haukutengenezwa kwa ajili ya vakyumu unaweza kujibana wenyewe ukipata joto, na ukizima injini unarudi kuwa mviringo, kwa hiyo ukiukagua gereji huoni kitu. Dalili kwamba pedali inarudi kuwa nyepesi ukisubiri inanielekeza huko moja kwa moja. Kiwambo kilichopasuka hakiponi kwa kusubiri.

Namna rahisi ya kupima ni kuchomoa mpira upande wa busta, kuweka geji mwishoni mwake, na kulinganisha na usomaji wa manifoldi.

#7 Binti Fizikia

Dereva wa Usiku, nakubaliana na hoja yako ya mpira, ila kipimo ulichopendekeza mwishoni kitamdanganya. Geji ikiwekwa mwishoni mwa mpira ikiwa peke yake, hakuna hewa nyingi ya kuvutwa, kwa hiyo hata tundu dogo kama la njiti litaifikisha sindano kwenye usomaji kamili kwa sekunde chache. Kuziba kwa mpira huonekana hewa inapopita, na hewa nyingi hupita pale tu busta inapofanya kazi.

Aweke kiungo cha njia tatu karibu na busta, mpira ukiwa bado umeunganishwa, kisha akanyage na kuachia breki huku mwenzake akitazama geji. Arudie hivyo hivyo upande wa manifoldi. Sindano za pande zote mbili zikianguka na kurudi pamoja, mpira hauna kosa. Upande wa manifoldi ukirudi haraka na upande wa busta ukajikokota, kizuizi kiko katikati, iwe ni mpira wenyewe au valvu ya njia moja.

#8 Dereva wa Usiku

Umenirekebisha vizuri, dada. Kiungo cha njia tatu ndicho sahihi.

#9 Spana Kumi

Naona mpira umeshapewa hukumu ya kifo kabla haujasikilizwa. Dereva wa Usiku, mpira uliobanwa unaeleza pedali ngumu, lakini unaielezaje sailensa inayoshuka? Njia ikiwa imebanwa, hewa inayoingia kwenye injini kupitia busta ingekuwa kidogo, na injini isingehisi. Mimi bado niko na kiwambo. Ufa mdogo unaweza kufunguka kiwambo kinapovutwa mbele na kujifunga kinaporudi.

#10 Mama Karakana

Wanangu, wote mmeshika msaada wa breki, na hakuna aliyeuliza kuhusu breki zenyewe. Mteja akisema «breki ngumu», namuuliza kwanza: pedali imekuwa ngumu, au gari halisimami? Ni malalamiko mawili tofauti yanayotoka mdomoni kwa neno moja. Pedi zikipata joto kupita kiasi msuguano unapungua, pedali inabaki imara na juu, lakini gari linaendelea kwenda, na dereva anaongeza nguvu ya mguu hadi anaamini pedali imegoma. Zikipoa kidogo, mambo yanarudi kama kawaida. Maelezo ya mwenye uzi yanaingia humo pia.

Mtasema foleni haina mwendo wa kuchemsha pedi. Ni kweli, isipokuwa breki ziwe zinashika muda wote. Pistoni ya kalipa (kishikio kinachobana pedi kwenye diski) iliyoota kutu hairudi vizuri. Mpira wa breki unaokwenda kwenye gurudumu, ukivimba kwa ndani, unaruhusu mafuta kwenda kwa msukumo wa mguu lakini unayachelewesha kurudi. Na kama kuna mtu aliwahi kubadilisha masta silinda au busta bila kupima fimbo ya kusukuma iliyo kati yao, fimbo iliyorefushwa kupita kiasi huizuia pistoni ya masta kurudi mwisho, kitundu cha kurudishia mafuta kinabaki kimezibwa, na joto linapopanuza mafuta, breki zinajikaza zenyewe.

Endesha mwendo wa kawaida, simama kwa kutumia breki kidogo iwezekanavyo, kisha sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa diski. Lililo na joto kuwazidi wenzake linyanyue kwa jeki, ulizungushe kwa mkono. Hapo utajua kama tatizo liko mbele ya mguu wako au chini ya gari.

#11 Msomaji Mpya

Uzi mzuri sana, nafuatilia. Mimi nilidhani breki za msaada ni jambo la baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kwamba magari yote ya zamani kabla ya hapo yalikuwa ya nguvu za mguu tu. Kumbe hata busta zina uzee wake? Na kwa magari ya dizeli je, vipimo hivi vinafaa?

#12 Fundi Mkongwe

Zilienea sana baada ya vita, lakini hazikuanzia hapo. Mbelgiji Albert Dewandre alibuni breki ya msaada wa vakyumu mwaka 1927, na kampuni ya magari ya Marekani, Pierce-Arrow, iliweka breki za vakyumu kwenye magari yao mwaka 1928.

Kuhusu dizeli, jihadhari. Injini ya dizeli ya kawaida haina kipepeo kinachoibana hewa, kwa hiyo manifoldi yake haina vakyumu ya maana. Inategemea pampu ya vakyumu, ambayo kwenye magari mengi ya zamani imefungwa nyuma ya alteneta au inaendeshwa na kemshafti. Vipimo vitatu vya pedali vinafaa kwa dizeli pia, lakini geji yako uiweke kwenye pampu, na ukague oili inayoilainisha. Pia kuna magari ambayo hayatumii vakyumu kabisa, kama yale yenye mfumo ambao kampuni ya Bendix iliuleta mwaka 1973, unaochukua nguvu ya mafuta kutoka pampu ya usukani. Kwenye hayo, pedali na usukani vikiwa vigumu kwa pamoja, angalia mkanda na pampu ya usukani kwanza.

#13 Nyundo ya Mpira

Shikamoo mzee, shikamoo mama, na asanteni wote. Nimefanya vipimo na nimeazima geji. Nilipo ni karibu na usawa wa bahari.

Kipimo cha kwanza: pedali inazama injini ikiwaka, ila inazama polepole, si kwa mara moja. Kipimo cha pili: injini ikiwa imezimwa napata mkanyago mmoja tu wenye msaada, wa pili ni mgumu kabisa. Kipimo cha tatu: nusu dakika nzima pedali haikupanda wala kushuka. Mvumo ninaousikia ni mfupi na unakoma mguu ukitulia.

Geji kwenye manifoldi inasoma inchi 15, na sindano inatetemeka. Nikiongeza mzunguko wa injini, mtetemo unatulia. Kwa kiungo cha njia tatu, nikikanyaga na kuachia, sindano upande wa manifoldi inacheza kidogo na kurudi mara moja, lakini upande wa busta inaanguka sana na inapanda kwa kujivuta.

Na mama, gurudumu la mbele kulia ni la moto kuliko la kushoto. Nikilizungusha linashika kidogo kabla ya kuachia.

#14 Dereva wa Usiku

Upande wa busta unajivuta. Ni mpira huo, au valvu ya njia moja iliyopachikwa pale unapoingia kwenye busta. Ichomoe valvu upulize kwa mdomo: hewa ipite bila shida upande mmoja, yaani kutoka busta kwenda injini, na isipite hata kidogo kinyume chake. Ikipita pande zote, akiba yako yote ya vakyumu inarudi manifoldi kila injini inapolemewa.

#15 Kabureta Mbili

Inchi 15 karibu na usawa wa bahari, na sindano inayotetemeka kwenye sailensa kisha ikatulia mzunguko ukipanda. Hiyo ni picha ninayoifahamu: gaidi za valvu (mirija inayoziongoza valvu) zimelika, na valvu zinayumba ndani yake. Sindano ingekuwa inaruka mara moja moja kwa mpangilio, ningesema valvu moja imeungua. Ingekuwa chini na imetulia tuli, ningesema taimingi imechelewa au gasketi inavuja. Badilisheni mpira mtakavyo, lakini injini inayotoa inchi 15 ikiwa kwenye hali nzuri ya kupimwa itatoa pungufu zaidi kwenye foleni ya mchana ikiwa imepata joto.

Jambo moja kwa mwenye uzi: ukitafuta uvujaji wa manifoldi, usipulizie petroli wala kemikali ya kusafishia kabureta kwenye injini yenye moto. Tumia mvuke wa maji, au puliza maji kidogo kwenye viungio na usikilize kama mlio wa injini unabadilika, ukiepuka distributa na nyaya za plagi.

#16 Spana Kumi

Kipimo cha tatu kimekiondolea kiwambo lawama kubwa, hilo nalikiri wazi, kwa kuwa ufa wa maana ungeisukuma pedali juu ndani ya nusu dakika. Hata hivyo mkanyago mmoja tu wa akiba unamaanisha kuna uvujaji fulani wakati mguu hauko kwenye pedali. Uvujaji huo unaweza kuwa kwenye valvu ya njia moja, kama anavyosema Dereva wa Usiku, lakini unaweza pia kuwa kwenye sili ya mbele ya busta, pale masta silinda inapoingia, au kwenye valvu ya hewa ya nyuma isiyokaa vizuri inapopumzika.

#17 Binti Fizikia

Kuna jambo lingine linaloweza kueleza mkanyago mmoja bila uvujaji wowote. Ikiwa busta ilianza na inchi 15 badala ya 20, na haikupewa muda wa kufika hata huko kwa sababu njia imebanwa, akiba iliyomo ni ndogo tangu mwanzo. Nyundo ya Mpira, uliacha injini iwake kwa muda gani kabla ya kuizima? Rudia kipimo cha pili baada ya kuiacha dakika tano. Ukipata mikanyago miwili au mitatu, basi akiba haikuwa inavuja, ilikuwa haijajaa. Kisha fanya hivyo hivyo, lakini baada ya kuzima injini subiri robo saa kabla ya kukanyaga. Akiba ikiwa imepotea katika kusubiri huko, ndipo tuseme inavuja.

#18 Mama Karakana

Mwanangu, nimefurahi umelipima gurudumu. Kalipa ya kulia ifunguliwe hata kama busta itapona kesho. Usibonyeze pistoni kuirudisha kwa nguvu tu na kufunga. Fungua kizibo cha kutolea upepo kwanza, gurudumu likiwa limeshika: likiachia mara tu mafuta yanapotoka, mgandamizo umenaswa na mpira wa breki au masta silinda. Likiendelea kushika, pistoni au pini za kalipa zimekwama. Mafuta yatakayotoka yatazame rangi yake. Yakiwa meusi, badilisha yote. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na yale ya daraja la DOT 3 ambayo yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, yakishika maji kiwango chake cha chini kinachokubalika ni nyuzi 140. Kamwe usiongezee oili ya injini wala ya usukani kwenye kopo la breki, maana sili zote za mpira zitavimba.

Na mkifika kwenye busta, legezeni nati za masta silinda na kuivuta mbele kidogo tu, bila kufungua mabomba, mpapase nyuma yake. Pakiwa na unyevu wa mafuta ya breki, sili ya nyuma ya masta inavuja kuingia ndani ya busta. Mwenye uzi anasema mafuta hayapungui, kwa hiyo sitarajii, lakini nimeona magari yanayokunywa mafuta ya breki kupitia mpira wa vakyumu na kuyatoa kwenye ekzosi kama moshi mweupe, huku chini ya gari pakiwa pakavu.

#19 Nyundo ya Mpira

Wakuu, taarifa. Nimebadilisha mpira kwa ule wa vakyumu na kuweka valvu mpya ya njia moja. Mpira wa zamani nilipoupasua ulikuwa laini ndani na umenasa vipande vyeusi, ingawa haukuwa umeziba kama wa Dereva wa Usiku. Valvu ya zamani ilikuwa inapitisha hewa kidogo kinyume. Sasa napata mikanyago miwili yenye msaada baada ya kuzima, na pedali inazama haraka injini ikiwaka.

Kalipa ya kulia ilikuwa na pini iliyokauka. Imesafishwa na kupakwa grisi ya breki, na magurudumu ya mbele sasa yana joto linalolingana.

Kwenye foleni hali ni bora zaidi, ila haijaisha. Injini ikipata joto sana na kipoza hewa kikiwa kimewashwa, pedali bado inakuwa nzito kuliko asubuhi, na sailensa bado inashuka kidogo nikikanyaga. Geji bado inasoma inchi 15 na bado inatetemeka.

#20 Kabureta Mbili

Kilichobaki ni injini. Sailensa kushuka kidogo ukikanyaga kwenye injini yenye vakyumu dhaifu ni jambo linalotarajiwa, kwa kuwa hewa ile ile ndogo ya busta inatosha kuuvuruga mchanganyiko wake wa petroli.

#21 Spana Kumi

Au ni busta inayovuja kiasi kidogo, na ndiyo inayoishusha geji hadi 15. Kabureta Mbili, hujaitenga busta na injini hata mara moja. Achomoe mpira mpya kwenye manifoldi, azibe tundu la manifoldi kwa kizibo kigumu, na asome geji kwenye tundu jingine la vakyumu. Ikipanda hadi 18, busta inavuja. Ikibaki 15, nitakubali kuihamia injini.

#22 Fundi Mkongwe

Kipimo hicho cha Spana Kumi ni kizuri, afanye gari likiwa limesimama tu, handibreki imekazwa na vigingi vimewekwa magurudumuni, wala asilisogeze hata hatua moja likiwa limezibwa. Mimi ningeongeza kimoja: azime injini, aweke pampu ya vakyumu ya mkono kwenye busta yenyewe, avute hadi inchi 20, asubiri. Kwanza bila kukanyaga, kisha pedali ikiwa imeshikiliwa nusu njia, kisha imeshikiliwa hadi chini. Ufa wa kiwambo au valvu isiyokaa vizuri unaweza kujificha katika nafasi moja na kujitokeza katika nyingine, na kipimo cha tatu alichokifanya kilipima nafasi moja tu.

Mpaka matokeo hayo yapatikane, kijana, kizime hicho kipoza hewa kwenye foleni, pandisha sailensa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari ikiwa iko chini yake, acha nafasi kubwa mbele yako, na usizime injini wala kuteremka mlima ukiwa umeizima. Tuandikie namba utakazozisoma katika kila nafasi ya pedali.